Mkwe wa Ng'ambo ya Matete

"Kuku hachinjwi," alisema Honorata. "Anataga."

"Ameacha kutaga tangu Jumanne, mama."

"Amepumzika. Hata wewe ulipojifungua tulikupumzisha, hakuna aliyekuja kukubandikia sufuria."

Fortunata alikuwa amesimama katikati ya ua, anahema, kwa sababu kuku mwenyewe alikuwa amemkimbiza kuanzia chooni mpaka kwenye migomba ndipo akamtia kwapani. Mama yake hakuinua macho. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, ungo mapajani, na juu ya ungo, mahali ambapo watu wengine huweka mchele wa kuchambua, alikuwa amepanga skrubu nne, nati moja kubwa, vigurudumu viwili vyenye meno, na springi nyembamba kama mguu wa mbu. Vyote hivyo asubuhi vilikuwa kitu kimoja: mashine ya kuvutia mshipi, ile inayofungwa kwenye ufito wa kuvulia na kuzungushwa kwa mkono. Na mashine hiyo haikuwa yake. Ilikuwa ya Goodluck, mume wa Fortunata.

"Na hiyo umeichukua bila kuomba," alisema Fortunata.

"Nimeiokoa. Ungesikia inavyokoroma ungeipeleka mwenyewe hospitali."

"Mwenyewe anaitafuta tangu juzi."

"Haitafuti. Mtu akipotewa na mashine na mama mkwe siku moja, bwawa moja, hesabu hiyo itamshinda? Si ndiyo kazi yake, kufundisha hesabu?"

"Basi mpikie kuku, umwambie mwenyewe."

"Sina la kumwambia."

"Unalo kila siku, na kila siku ninayelibeba ni mimi. Mara 'mwambie mwenzako uzi wake umeanza kukwaruza.' Mara 'mwambie mama lile fundo limeshika.' Mimi hata samaki sili. Nikila perege navimba midomo. Lakini nimejua kufunga mafundo matano kwa ajili yenu."

Honorata alicheka kwa pua, akachovya mswaki mkuukuu kwenye mafuta ya taa, akaanza kusugua meno ya kigurudumu cha kwanza.

Ugomvi huo ulikuwa na miezi mitatu. Kwenye ukoo wa Honorata, Wangoni wa upande wa Madaba walioshikilia mambo ya zamani, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawapeani mikono, hawakai mkeka mmoja, hawaitani kwa jina, na wakikutana njiani mmoja humpisha mwenzake. Siyo chuki, ni heshima, na kadiri heshima inavyokuwa kubwa ndivyo mtu anavyoingia kichakani mbali zaidi. Lakini heshima hiyo ina mlango wake wa kutokea. Siku mama mkwe akimpikia mkwe kuku mzima, naye mkwe akaleta kitenge, aibu imeondoka. Kuanzia hapo wanasalimiana, wanakaa, wanaulizana habari za watoto kama watu wengine wote. Kitenge Goodluck alikuwa ameshakinunua, kimekunjwa kabatini. Kuku ndiye aliyekuwa na sababu kila mara. Mara anataga, mara analalia, mara ana mafua, mara anaonekana mwenye mawazo.

Na Honorata, mwanamke aliyejulikana mtaa mzima wa Mjimwema kwa kutokuwa na aibu ya aina yoyote, ndiye aliyeishikilia aibu hii moja kwa mikono miwili.

Darasani hakuwahi kukaa. Mwaka ambao kaka zake walipelekwa shule, yeye alipewa ndoano moja na kuambiwa asirudi mikono mitupu, maana wanafunzi wanakula sana. Alikuwa na miaka saba. Yeye husimulia kwamba siku ile ya kwanza alivua kambale mrefu kiasi kwamba kichwa kilipofika nyumbani mkia ulikuwa bado unavuka kijito, na baba yake ikambidi aende kuupokea. Hadithi hiyo ameisimulia miaka sitini na kambale hajapungua hata kidogo. Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba ile ndoano moja ilidumu miaka minne, kwa sababu kila jioni aliifuta kwa upindo wa kanga ya mama yake, akaipaka mafuta ya nyonyo, akaichomeka kwenye gunzi la hindi ili isishike kutu wala isimchome mtu.

Alipoolewa akaja mjini. Mumewe, marehemu Kajetani, alikuwa seremala mzuri na mvuvi wa kuaibisha. Aliwahi kukaa bwawani kutwa nzima akarudi na kandambili moja, tena ya mguu mmoja na ya mtu asiyejulikana. Kwa hiyo katika nyumba ile mume alichonga na mke akavua. Kandambili haikutupwa. Honorata aliikata vipande sita, vikawa maboya ya mshipi, na la mwisho lilipotelea majini mwaka ule ule aliozikwa Kajetani.

Ufito wake aliukata mwenyewe. Alichagua mwanzi wa kiangazi, uliokomaa, ambao haujawahi kugemwa ulanzi, kwa sababu, alisema, mwanzi uliozoea pombe samaki akiuvuta kidogo tu unakwenda naye. Aliuning'iniza juu ya jiko miezi miwili, jiwe limefungwa nchani ili unyooke. Moshi ukaupaka rangi ya asali na dumuzi wakaukimbia. Ufito huo una miaka kumi na moja na haujamgharimu hata senti, ukiacha ugomvi na mwenye mianzi.

Vilivyobaki alinunua sokoni, na aliyeteseka ni Swalehe, mtu wa Tunduru mwenye meza ya nyavu, ndoano na korosho. Swalehe alikuwa akimwona kwa mbali anaanza kuficha vitu.

"Shikamoo bibi. Leo sina kitu."

"Marahaba. Hicho ulichokalia ni nini?"

Ndoano alizimwaga kiganjani, akachukua moja moja na kuiburuta juu ya ukucha wa kidole gumba. Iliyoteleza aliirudisha. Iliyokwama na kuacha mstari mweupe aliiweka upande. Namba za kwenye pakiti hazikumhusu kwa kuwa hakuzisoma. Ndoano ya perege, kwake, ni ile ambayo ukucha wa kidole cha mwisho unaingia tumboni mwake, na ya kambale ni ile inayopokea ukucha wa gumba.

"Bibi, makali unayamaliza kabla hazijafika majini."

"Nanunua ndoano, mwanangu, sinunui pakiti."

"Basi chukua na uzi. Huu hapa, wallahi, unavuta hata gari."

"Huo umening'inia hapo mbele tangu ulipokuwa na nywele. Jua limeshaula. Nipe wa ndani ya boksi, ule wa bei ya chini."

"Wa bei ya chini ni mnene, bibi."

"Na mimi ni mnene. Nimekatika lini?"

Uzi alioupata aliupitisha katikati ya midomo, taratibu, urefu wa mikono kumi, kwa sababu midomo husikia mkwaruzo ambao kidole hakiujui. Watu sokoni walidhani anauombea. Swalehe aliwaacha wadhani hivyo, maana wengine walirudi kununua uzi wa aina ile ile.

Goodluck alikuja Songea kufundisha shule ya msingi, kutoka Moshi, akampenda Fortunata. Siku ya kwanza alipoletwa nyumbani alimwona mama mtu mzima, akafanya kama alivyolelewa kwao. Akamfuata na mikono miwili mbele, "Shikamoo mama." Honorata alirudi kinyumenyume, akaruka beseni la maharage, akajifunika kanga kichwani, na inasemekana alipita dirisha ambalo mtoto wa mbuzi hapiti. Mzee Sixbert, aliyekuwa mshenga, akamvuta kijana pembeni.

"Mkwe wako ukimwona, mpishe. Ukimsikia, mpishe. Hata kivuli chake."

Tatizo la kumweleza mwalimu jambo ni kwamba atalishika. Wenyeji wenyewe siku hizi wameshalegeza; mtu anageuza uso kidogo, anapita, imetosha. Goodluck aliishika ile heshima kama jedwali la kuzidisha. Alimpisha Honorata sokoni akaingia kwenye nyanya za watu. Alimpisha barabarani akaenda na baiskeli mpaka mtaroni. Kanisani alipomwona kwenye mstari wa komunyo alipisha, akapisha, akajikuta yuko nje, misa ikaisha bila yeye. Wanawake wa jumuiya walimwambia Honorata kwamba amepata mkwe ambaye hajawahi kuonekana tangu enzi za mababu. Honorata alikubali, kwa majivuno, na akaanza kufikiri namna ya kumtumia.

Namna aliipata bwawani. Bwawa lenyewe liko bondeni, chini ya mashamba ya mahindi. Lilichimbwa zamani kwa ajili ya ng'ombe, ng'ombe wakaondoka, perege na kambale wakabaki. Pana jiwe moja bapa, penye kina, penye kivuli mchana kutwa, na kila mvuvi hulitaka. Jumamosi moja Honorata alifika akamkuta mkwe wake amelikalia, na ufito wa kiwandani, mweusi, unaong'aa kama kiatu cha harusi, na mashine ya rangi ya dhahabu juu yake. Honorata akakohoa. Kikohozi kimoja tu. Mwalimu akaruka, akakumbatia vitu vyake, akatokomea ng'ambo ya matete. Honorata akakaa juu ya jiwe, ambalo bado lilikuwa na joto.

Tangu hapo kila Jumamosi alikuwa na mafua.

Ila mtu hawezi kukaa hatua kumi kutoka kwenye mashine inayosaga mchanga akanyamaza. Kriii, kriii, ng'ambo ya matete. Honorata hakuwahi kumiliki mashine ya kuvulia, lakini alikuwa na cherehani ya mkono kwa miaka thelathini, na kwake mashine zote ni ndugu. Chochote chenye meno kinataka usafi na tone moja la mafuta. Alivumilia Jumamosi mbili. Ya tatu ikamshinda. Kusema na mkwe hawezi. Lakini hakuna mzee yeyote wa ukoo aliyewahi kumkataza kusema na boya lake.

"Boya," alisema, kwa sauti ya kutosha kuvuka maji, "kuna watu wanalaza mashine mchangani, halafu wanashangaa inakula mchanga. Ufito unasimamishwa kwenye panda ya mti."

Matete yakanyamaza. Kisha sauti ya mtu aliyesoma ikamwambia chura aliyekuwa majini, kwa adabu sana, "Chura, naomba kuuliza. Na mchanga ambao umeshaingia unatolewaje?"

"Boya, haumwagiwi maji. Maji yanausukuma ndani zaidi. Mtu anafungua, anasugua kwa mswaki, anapaka mafuta ya cherehani, tone moja. Siyo ya kupikia. Ya kupikia yanaganda, na sisimizi wanakuja na watoto wao."

Chura akashukuriwa.

Wakaendelea hivyo kiangazi chote. Kwa kupitia boya na chura, mwalimu alijifunza kupitisha kipande cha pamba ndani ya pete za ufito, pamba ikinasa ujue pete ina ufa na ndiyo inayokata uzi. Alijifunza kulowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, kwa kuwa fundo kavu linajiunguza lenyewe. Uzi ukichakaa nje alijifunza kuugeuza, ule wa ndani uje juu, badala ya kukimbilia kununua mwingine. Ule ufito wa kiatu cha harusi ulivunjika nchani baada ya miezi miwili, na wa badala yake aliuchagua kwa maelekezo ya boya. Ni wa bei nafuu, hauna rangi ya maana, mnene kidogo, na aliukubali baada ya kuuinamisha mpaka ncha ikagusa sakafu ya kibanda cha Swalehe na kurudi wima bila kutetemeka. Swalehe alipoona namna unavyojaribiwa aliuliza, "Mwalimu, wewe na yule bibi ni ndugu?" Goodluck aliingia chini ya meza, akidhani bibi yuko nyuma yake.

Siku ambazo samaki hawakuuma, Honorata alilisimulia boya mambo. Alilisimulia kambale wa kijitoni, kichwa nyumbani, mkia njiani. Ng'ambo ya matete palikuwa kimya kwa muda mrefu, mpaka akadhani mtu kalala. Kisha, "Chura, kama nyumba na kijito vimeachana mita mia nne, samaki huyo kwa unene wa kawaida angekuwa na uzito wa malori kumi na moja."

"Boya, mwambie chura alikuwa mwembamba."

Ndipo matete yalipocheka. Kicheko kile cha kuchelewa, cha mtu aliyemaliza hesabu kwanza, Honorata alikipeleka nyumbani akakaa nacho jikoni mpaka ugali ukaungua. Miezi ile alivua samaki wachache kuliko mwaka wowote, na hakujali.

Ikaja Jumamosi iliyopita. Alikohoa kama kawaida, mwalimu akakimbia kama kawaida, ila kwa haraka aliuacha ufito wake umesimama kwenye panda, mshipi majini. Honorata hajawahi kugusa ufito wa mtu. Lakini boya la mwalimu lilizama, tena halikuzama kwa adabu, lilikwenda chini kama jembe lililodondoka kisimani, panda ikang'oka, na ufito ukaanza safari. Akaurukia ukiwa umebakiza shubiri moja kuingia majini. Mashine ikalia, uzi ukatoka mbio.

"Boya, inakwenda na uzi wote."

"Chura, mwambie mtu akaze ile nati ya mbele. Aizungushe kulia."

"Boya, kulia kwangu au kulia kwa samaki?"

"Chura, upande wa mkono wa kulia chakula."

"Ndio huo umeshika ufito, boya, una kazi."

"Chura, abadilishe mkono. Taratibu. Asikaze yote, uzi utakatika. Akaze nusu, amwache avute, akichoka ndipo azungushe."

Matete yalitikisika yote kwa mtu aliyekuwa akirukaruka nyuma yake, lakini hayakufunguka. Honorata alikaza nusu. Alikimbia ukingoni kwenda, akakimbia kurudi, akaanguka kifudifudi na mashine ikazama kwenye tope pamoja na kiwiko chake, akainuka bila kuachia. Upande wa pili chura alikuwa anaulizwa kama mtu ameumia, na anaulizwa tena, na boya halikuwa na nafasi ya kujibu. Mwisho kambale akatoka. Alikuwa mrefu kama mkono wa mtu mzima pamoja na bega. Hiyo ndiyo kweli. Kufikia jioni, Mjimwema ilisimuliwa kwamba kambale huyo alipotolewa maji ya bwawa yalishuka, bata wakabaki wamekaa kwenye tope wanatazamana.

Alimlaza samaki juu ya jiwe, akamfunika majani, kwa ajili ya mwenye ufito. Mashine ilikuwa haizunguki tena, tope limejaa mpaka kooni. Akaifungua kutoka kwenye ufito, akaiviringisha kwenye upindo wa kanga, akaondoka nayo. Goodluck alipotoka matetani alikuta samaki, ufito mtupu, na alama ya mtu mzima aliyeanguka. Aliitazama alama ile kwa muda. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba wiki inayoanza kuku apikwe.

"Anasema amechoka kuongea na vyura," alisema Fortunata, kuku bado kwapani. "Anasema siku ile ungezama, yeye angekuwa nyuma ya majani anamwelekeza chura namna ya kukuokoa. Hajalala vizuri tangu siku hiyo, mama."

Mswaki wa Honorata ulisimama kidogo juu ya meno ya kigurudumu, kisha ukaendelea.

"Mimi sizami. Nina mafuta mengi."

"Mama. Unaogopa nini?"

"Naogopa mkosi wa kuchinja kuku anayetaga."

Fortunata akaketi kwenye gogo la kupasulia kuni, kuku mapajani. Alikuwa anajua kwamba mama yake anaweza kushindana na mtu yeyote isipokuwa mtu aliyenyamaza.

Honorata alifuta kigurudumu kwa kitambaa, akakiinua juani, akakirudisha kwenye ungo mahali pake.

"Walimu nimewajua," alisema hatimaye. "Ulipokuwa shule niliitwa kwenye kikao cha wazazi. Nikapewa karatasi, nikaishika. Mwalimu akaja akanigeuzia, maana nilikuwa nimeishika miguu juu. Akatabasamu. Tangu hapo akisema na mimi alisema polepole, kwa sauti, kama niko ndani ya kisima."

"Huyu siye yule."

"Huyu hajaniona na karatasi. Kule bwawani anamwuliza chura, maana yake ananiuliza mimi, namjibu, anafanya nilivyosema. Mtu mwenye vyeti. Sasa nikimpikia kuku, atakuja hapa, atakaa. Shikamoo mama, habari za nyumbani, mvua mnaionaje. Hakuna mtu anayemwuliza mkwe wake habari ya fundo, Fortunata. Anamwuliza habari ya miguu."

"Na miguu yako inauma."

"Inauma. Ndiyo maana sitaki kuulizwa."

Kuku alijaribu bahati yake, akarudishwa. Fortunata alikuwa anavunja kijiti vipande vidogo vidogo.

"Mume wangu akirudi kutoka bwawani hanisimulii samaki," alisema. "Ananisimulia wewe. Boya limesema hivi, boya limesema vile. Wiki iliyopita aliwapa darasa la sita hesabu ya kambale wako, nyumbani mpaka kijitoni, watafute urefu."

Honorata aliinua macho kwa mara ya kwanza siku ile.

"Wakapata?"

"Wamekosa wote."

"Walisahau kuongeza upana wa kijito. Mkia ulikuwa unavuka, haukuwa umefika ng'ambo hii." Akainama tena. "Na aliwaambia ni hesabu ya nani?"

"Aliwaambia ni ya fundi wake."

Hapo Honorata aliweka mswaki chini. Akachukua chupa ya mafuta ya cherehani, akadondosha tone moja, likaenea kwenye meno. Akavirudisha vigurudumu ndani ya tumbo la mashine, kimoja, kisha cha pili, akavizungusha kwa kidole. Havikulia. Ikabaki springi, na springi ya mashine ile ni mshenzi. Inataka ukandamizwe kwa gumba na kushikiliwa hapo hapo huku mkono wa pili unafunga skrubu zote nne. Ukiachia, inaruka, na ikiruka kwenye mchanga wa ua ule hutaiona mpaka ufufuo.

"Sasa usinisemeshe," alisema. "Hapa ndipo penyewe."

Akaikandamiza. Akafunga skrubu ya kwanza kwa ncha ya kisu. Lakini kunyamaza hakukuwa kipaji chake.

"Nikimpikia," alisema, macho kwenye skrubu ya pili, "nampikia kwa sharti."

"Sharti gani?"

"Kuku ataliwa, kitenge nitakivaa, sawa. Lakini hapa nyumbani asiniulize miguu. Na Jumamosi jiwe ni langu. Yeye akae upande wake, na akitaka kujua kitu, aulize kama alivyozoea. Na umwambie kwamba ile nati ya breki, ukishamaliza kuvua ni lazima..."

Mlango wa ua ulisukumwa kwa gurudumu la baiskeli. Hapakuwa na kikohozi, hapakuwa na hodi. Mtu aliyeamini kwamba mkewe yuko peke yake jikoni kwa mama, na mama yuko shambani kama kila Jumatatu, hana haja ya kubisha. Goodluck aliingia mpaka katikati ya ua, kitenge kimefungwa kwenye karatasi juu ya usukani, ndipo alipoona.

Fortunata alisimama na kuku. Jiko lilikuwa nyuma ya Honorata, hatua mbili, mlango wazi, giza zuri ndani yake. Kanga ilikuwa begani, tayari kwa kufunika kichwa. Goodluck alikuwa ameshageuza baiskeli nusu, uso kautupa pembeni kwenye migomba kama alivyofundishwa.

Honorata alitazama gumba lake, na springi chini ya gumba, na skrubu mbili zilizobaki. Hakuinuka. Akakaa hivyo hivyo, mdomo ukiwa bado kwenye neno alilokuwa nalo. Kisha akausogeza ungo kidogo juu ya goti, upande wa mlango, mahali ambapo mtu aliyesimama, akigeuza uso, angeweza kuona.